Hesabu ya Lifti

Darasa letu liko chini ya karakana ya mafundi bomba.
Mwalimu akitamka "jamii", juu yetu mtu anagonga nyundo.
Ni Januari, Sudbury; theluji imepanda hadi nusu ya vioo,
nasi ishirini na watatu tumevua makoti,
tukabaki kabila moja: watu wa soksi zilizolowa.

Mimi ndiye mkubwa. Arobaini na sita.
Usiku nafua mashuka ya hospitali,
asubuhi naingia hapa na harufu ya klorini
ambayo pua yangu haiisikii tena;
naijua tu kwa namna Maëlle anavyofungua dirisha
kisha akasingizia joto.

Sura ya tano ina jedwali.
Kushoto kazi ya baba, juu kazi ya mwana.
Niliweka kidole penye *mchimba madini*
nikakisogeza polepole, kama anayetafuta jina la maiti.
Baba yangu, Aurèle, miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi,
nikeli kwenye kucha, nikeli kwenye mate,
alikufa bila kujua kwamba yeye ni kisanduku,
na kwamba ndani ya kisanduku mna asilimia,
na nukta,
na tarakimu moja baada ya nukta.
Nadhani hiyo ya mwisho ndiyo kikohozi chake.

Doktor Pehkonen hufundisha kama mtu anayeomba radhi.
"Tafuteni kanuni," alisema, "isiyoandikwa popote,
nanyi mnaitii kila siku."
Corwin aliandika juu ya babu yake
anayekata nyama ya sikukuu kila mwaka,
na kila mwaka huikata vibaya,
na hakuna anayemnyang'anya kisu.
Tulicheka. Alipata themanini na tisa.

Mimi niliandika: *Kwenye lifti ya hospitali,
anayesukuma toroli la mashuka hasalimiwi.*
Kurasa nne. Ya tatu ililowa kidogo, nikaikausha kwa pasi.
Sitini na nane. Pembeni, kwa wino wa kijani:
"Uchungu nimeuona. Ushahidi uko wapi?"

Ushahidi!
Nilitaka kumwonyesha mikono yangu.
Nilitaka kumwonyesha hata dereva wa basi.
Nikavaa glavu.

Wiki tatu, basi. Kadi nyuma ya ratiba ya zamu,
penseli imefungwa kwa uzi kwenye toroli:
mstari kwa kila aliyeingia,
duara kwa kila aliyenisalimu.
Makoti meupe, mistari. Maua ya pole, mistari.
Vijana wanaojifunza udaktari, wenye usingizi kama wangu,
mistari, mistari, uzio mzima wa mistari.

Mia mbili na kumi na wawili waliingia.
Maduara tisa.
Sita wagonjwa, wenye zile gauni zisizofunga nyuma.
Mmoja mtoto.
Mmoja kasisi, ila alinifananisha.

Na wa tisa mzoa taka wa ghorofa ya nne.
"Za asubuhi, Solange," alisema, akashuka na mifuko yake.
Nikachora duara, safi kabisa, kwa furaha ya mtafiti.
Mlango ulipojifunga ndipo penseli ikanisimama mkononi.
Miaka sita lifti moja.
Jina lake nililisoma kifuani pake asubuhi ile, Witold,
na hata hivyo sikumwitikia.
Nilikuwa nahesabu.

Nyani na kundu lake.
Nikaongeza mstari, wa mia mbili na kumi na tatu,
sikuuzungushia kitu.

Leo narudisha kazi. Kurasa mbili tu na jedwali.
Doktor Pehkonen anasoma akiwa amesimama,
midomo ikicheza. Juu, nyundo imeanza tena.
"Una swali?" ananiuliza, maana nimenyoosha mkono.

"Huyo anayegonga," nasema. "Anaitwa nani?"

Darasa zima linatazama dari.