Kimya cha Mbinguni, Ngara

Mbingu tuliijenga juu ya paa, Ngara,
orofa ya saba, kando ya tangi la maji.
Mawingu yalikuwa shuka za hosteli,
tuliziazima kwa ahadi ya kuzifua.
Ukungu ulitoka kwenye jiko la mahindi ya kuchoma,
na malaika alikuwa Mutheu, muuza viatu vya mtumba,
aliyekataa mabawa siku ya kwanza
kwa sababu, alisema, yanamnenepesha.

Hela zilikuwa za Wanjeri: akiba ya chama,
na pikipiki ya kaka yake, iliyouzwa bila yeye kujulishwa.
Mimi nilishika kinasa sauti.

Hadithi yenyewe: marehemu anafika langoni,
haulizwi dhambi, haulizwi sadaka.
Anaambiwa tu, taja jambo lako moja
ambalo halikusomwa kwenye tanzia.
Wengi hukwama hapo. Hurudishwa kwenye benchi.

Mzee Lubanga, karani mstaafu wa reli,
alikuwa ameigiza mara moja tu maishani,
kanisani, Krismasi, kama punda.
Tukampa mstari mzito:
"Nilimpenda ndugu yangu na sikumwambia."
Wanjeri aliuandika usiku kucha, akilia.
Kamera ikawaka. Mutheu akauliza.
Mzee akatazama shuka, akatazama tangi,
akakuna kisogo:
"Ala! Nimeacha maharagwe motoni."

Tulicheka hadi betri ikaisha.
Wanjeri alifoka, kisha akaketi juu ya ndoo,
kisha akasema, yabaki.

Alifariki Agosti, hatujamaliza kuhariri.
Hakikuwa kifo cha filamu. Kilikuwa bili,
na mchango wa simu uliokwama kwenye elfu arobaini.
Tanzia ikasomwa: mcha Mungu, mpenda watu, karani mwaminifu.
Maharagwe hayakutajwa.

Novemba tukaionyesha, ukumbi wa shule, Pangani,
viti vya plastiki, blanketi dirishani.
Bi Nasambu alikaa safu ya pili, mkoba magotini.
Mumewe alipotokea langoni, mkubwa kama ukuta,
watu walinyamaza,
kile kimya cha adabu cha watu walioonywa mapema.
Akakuna kisogo.
Akasema la maharagwe.
Na kutoka safu ya pili, sauti kavu:
"Na yaliungua! Sufuria bado ninayo!"

Kilichofuata kilianza kama kicheko.
Mwanamume mmoja nyuma alitoka nje,
hakurudi hadi taa zilipowashwa.
Mutheu alificha uso kwenye bega la mtu asiyemjua.

Tukipanga viti, Bi Nasambu akanijia.
"Pale ambapo hakuna anayesema kitu," akauliza,
"yule anayepumua ni nani?"

Ngoja nieleze. Kila mahali pana kimya chake,
na sisi wa sauti hukirekodi, nusu dakika,
mhariri apate cha kuzibia nyufa.
Siku ile niliwaambia: tulieni, hata msipumue.
Mzee hakuweza. Pua yake ilipiga filimbi nyembamba
kama birika linalofikiria kuchemka.
Basi kimya chote cha mbinguni, ukitega sikio,
kina honi za Barabara ya Park,
kina mtu anayenadi soksi huko chini,
na kina pua ya Lubanga.

"Ni yeye," nikasema.
"Najua ni yeye. Miaka thelathini na minane
nimeipiga kiwiko pua hiyo. Nitumie."

Nikamtumia. Sekunde thelathini.
Saa tano usiku alama mbili zikageuka buluu.
Jibu lilifika alfajiri:
"Haitoshi. Huna ndefu zaidi?"
Na chini yake, kabla sijajua niseme nini:
"Zile shuka za watu, mlizifua?"