Tarakimu Nane za Leida Saarepuu

Tartu, Januari. Saa kumi alasiri ni usiku.
Mto umeganda, na jina lake, naambiwa, ni Mto Mama.
Leida Saarepuu, mhasibu wa kiwanda cha maziwa
kwa miaka thelathini na mmoja,
anaweka mezani mkate mweusi, kisu,
na daftari lenye doa la siagi.
Ananiandikia namba kwa penseli:

73939133

"Kata," anasema. "Anzia kulia, kama mkate."
Nakata tatu ya mwisho.
Milioni saba na ushei zilizobaki
hazigawiki ila kwa moja na kwa zenyewe.
Nakata tena. Nakata tena.

7393913
739391
73939
7393
739
73
7

Kila kipande kigumu kama kilichotangulia.
Mbili haipenyi, tatu haipenyi,
hata kumi na tisa, inayobisha hodi kwa adabu, harudi na kitu.

Alihakiki kwa mkono, kabla mpwa wake hajamletea kompyuta:
vigawanyo zaidi ya elfu moja,
kimoja baada ya kingine hadi karibu na elfu nane na mia sita,
na pembeni mwa kila mstari: baki, baki, baki.
"Kule kwenye maziwa," anasema,
"baki ilikuwa wizi. Hapa ni uaminifu."

Na ukiongeza tarakimu ya tisa?
Anacheka hadi miwani inamshuka puani.
Ongeza moja: jumla ya tarakimu ni thelathini na tisa, tatu inaila.
Ongeza saba: arobaini na tano,
tatu inaila, kisha inarudi kulamba sahani.
Shufwa usijaribu. Tano unaijua tabia yake.
Ukiweka tatu, ukiweka tisa, hizo zilikuwa na kiburi,
zilimkesha wiki nzima,
mwishowe nazo zikapasuka.
Basi ukoo unaishia hapo.
Kwa sisi tunaohesabu kwa vidole kumi
hakuna wa aina yake aliye mkubwa kumzidi.

Nikamwambia sisi namba hizi tunaziita tasa.
Akataka maana.
Nikasita, kwa sababu juu ya kabati
kuna picha ya harusi, na hakuna picha nyingine.
Isiyozaa, nikasema.

Alitafuna polepole. Jiko la kuni lilipasua gogo.
"Sisi tunaiita algarv," akasema. "Namba ya mwanzo."
Akaweka ncha ya penseli kwenye ile saba
iliyosimama peke yake chini ya ukurasa.
"Kumi na nne imetoka wapi? Ishirini na moja?
Hizo zote zenye watoto na wajukuu,
ukizifumua, unamkuta nani ndani?"

Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Sikuwa na jibu.
Nikapaka siagi.
Akanikatia kipande kingine, kutoka kulia.