Mimi Ndiye Ng'ombe

Mimi ndiye ng'ombe.
Tumekubaliana hivyo tangu Shaaban,
kaka yangu Shaame alipomaliza uwanja:
vitofali elfu sita vya udongo, kimoja kimoja,
na uzio wa mikarafuu ambayo si mikarafuu,
ni mialoni ya kigeni. Ameichongoa vichwa
akatuambia tuamini.

Mchezo huu haumo ndani ya mchezo.
Waliouunda waliweka ng'ombe mpole,
hula ngano, hutoa maziwa kwa ndoo,
pembe anazo, hajui za nini.
Shaame akasema, huyu si wa Pemba huyu.
Akakesha siku kumi na moja chumbani, Chasasa,
na kompyuta ya mtumba isiyo na herufi H.
Kila alipoihitaji aliiazima
kwa kuinakili kutoka jina la baba yetu, Hamad.

Sheria ni chache.
Ng'ombe mmoja, wachezaji wanane.
Kitambaa chekundu kipo mgongoni kwangu,
atakayekivuta akafika ngazini ana pointi.
Nikikugusa, kitofali ulichokanyaga kinayeyuka,
na chini yake hapana kitu:
kiza, na jina lako kwa wino mwekundu.
Kamba yangu ni hatua ishirini.
Kamba haikatiki.
Ng'ombe wa kweli naye hufungwa kwanza,
ndipo achokozwe.

Ijumaa ile walikuja wa Unguja.
Yaani hawakuja; walikaa kwao Kikwajuni
na intaneti yao ya kasi,
sisi tunanyonya bando la simu ya mama.
Saba wakaanguka hata sijashika moto.
Mmoja alidondoka akirudi nyuma,
nadhani alikuwa anakula.

Wa nane alijiita Kungumanga.
Huyo hakukimbia.
Alichimba.
Kitofali kimoja, pembeni, hatua ya ishirini na moja.
Akazama humo hadi kiunoni, akatulia
kama mdaiwa nyuma ya mlango.
Nikamwendea. Kamba ikanikaba.
Nikarudi, nikaja kwa upande. Kamba.
Akawa anarukaruka palepale.
Ndivyo wanavyocheka mle, midomo hawana.

Basi ubishi, yakhe!
Bikombo kwenye spika: "Shimo si mchezo!"
"Sheria imekataza wapi?"
"Toka nje kama mwanamme!"
"Mimi Mwanakheri," ikajibu sauti, "nitoke vipi?"

Tukanyamaza kidogo.

Shaame ndiye mwamuzi.
Amri moja tu, na shimo lingezibika
na Mwanakheri ndani yake.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe
feni iliposita, taa ikazimika,
na Unguja yote ikatoweka.
Betri ilishakufa siku nyingi.
"Tukuza imekwisha," mama akasema jikoni,
kwa sauti ya mtu aliyejua toka asubuhi.

Kizani Shaame alilaani shimo.
Mimi sikusema kitu.
Nilikuwa nafikiria wale wote wa kabla,
wa Limbani, wa Konde, mpaka yule wa Tanga,
waliokuja mbio wakitazama kitambaa tu,
wekundu, pointi, ngazi,
wakaanguka.
Hakuna aliyeitazama kamba.
Huyu aliihesabu.
Nilipokuwa nawafukuza wenzake,
yeye alisimama kando akihesabu hatua zangu,
moja, mbili, mpaka ishirini, mpaka shingo inageuka.
Anayejua urefu wa kamba yako
amekutazama kweli.

Jumamosi mama alinunua uniti tano.
Shaame akawasha, akaenda moja kwa moja ukingoni.
Nikamwambia: liache.
Akanitazama kama nimeuza mechi.
Liache, liwe sheria. Shimo moja, kila mchezo.
Akaguna. Akaandika.

Halafu nikamuomba kitu kingine,
polepole, mlango umefungwa.

Hatua moja tu.

Kaka yangu akacheka mpaka akakohoa.
Akaenda kwenye jina la baba,
akaazima H,
akaandika: *Hatua 21.*

Usiku huu wanacheza tena.
Mwanakheri keshaingia shimoni mwake,
anarukaruka.
Nami naja, taratibu,
kichwa chini.