Maji ya Matango

Moyo ulikuwa mzima.
Daktari Olszak aliukagua mara tatu kwa mashine:
vali mpya ya chuma ikifunga, ikifungua,
kama mlango wa tramu uliotiwa grisi jana.
"Sioni kosa," akasema.
Na Zenon anazidi kudidimia.

Siku ya tano tangu apasuliwe.
Nje, theluji ya Bydgoszcz inageuka tope kwenye reli
alizozihudumia miaka thelathini na minane, fundi wa breki.
Ndani, presha themanini kwa arobaini na tano.
Dawa zinapandishwa, presha haipandi,
kama mtu anayeitwa kwa jina lisilo lake.

Supu alitapika. Chai alitapika.
Mimi mkewe nikasema yale yanayosemwa:
jipe moyo, Zenek, piga moyo konde.
Akafumbua jicho moja.
"Moyo wameshanipa, wameushona. Kalete matango."

Si matango yenyewe, maji yake,
ya chumvi, yenye vitunguu saumu na jani la mwaloni.
Nikayaingiza kwa siri, chupa chini ya koti.
Akayanywa kama ng'ombe aliyefika kwenye magadi.

Muuguzi wa usiku, Kazimiera, akatufumania.
Nikangoja kukemewa.
Aliinusa chupa tu, akamtazama uso,
akauliza, "Tangu lini anatamani chumvi?"
Akaenda kuzisoma upya karatasi za damu,
sodiamu chini, potasiamu juu,
akampigia daktari saa tisa usiku
na sauti yake haikuomba radhi.

Ndipo nikajua kuna tezi mbili,
kila moja imekaa juu ya figo kama kofia iliyosahaulika,
na hakuna msemo unaozitaja.
Nani aliwahi kuambiwa apige figo konde?
Humo damu ilivuja kimyakimya
sote tukiwa tumeinama kuutazama moyo.

Sindano moja ya haidrokotisoni. Ya pili alfajiri.
Adhuhuri, presha mia na kumi,
na Zenon anamtukana mtangazaji wa mpira.

Sasa ni vidonge, kila siku, mpaka kaburini.
Usiku vali yake inagonga, tik, tik,
naisikia hata nikijifunika mto.
Nikiisha kuihesabu
naweka kiganja kiunoni mwake, chini ya mbavu,
kwenye zile mbili zisizogonga,
nauliza: nanyi?