Mama Mkwe

Mume wangu hununua mito.
Wanaume wengine wa Bratsk hununua injini, mbwa wa kuwindia,
vodka ya kuizika nayo Jumamosi.
Yeye hununua mito iliyojalidiwa kwa ngozi ya ndama,
kingo zimeguguniwa na panya, mgongo umeteguka.

Bei hunidanganya. Najitia hamnazo.
Naijua kwa namna anavyovua viatu:
akivivulia nje, polepole, kama mwizi wa kuku,
basi ni mshahara wa mwezi mzima.

Hiki cha Februari kilitoka Tomsk,
kwa ajuza mmoja, Lidia Arkadyevna,
aliyekiatamia miaka kumi na moja
asimuuzie mtu mwenye kucha chafu.
Ni safari ya mpima mito wa zamani hizo,
aliyeteremka Angara akitia bildi pindo kwa pindo,
akiandika kina, akiandika mbu,
akiandika tumbo lake linavyomwendesha.

Rodion akavaa glavu. Akahesabu ramani:
tatu. Zilipaswa kuwa nne.
Akanuna kidogo, kisha akaanza kusoma kwa sauti,
nami namenya viazi, nusu sikio:

*Maporomoko yaitwayo Mama Mkwe. Kina, futi nne.
Mawe mkono wa kushoto. Tumepoteza mtumbwi mmoja
na unga wote.*

Kisu kikasimama.

Mama Mkwe namjua.
Ngurumo yake ndiyo iliyotulaza sisi watoto,
na mgeni aliyelala kwetu aliamka na macho mekundu.
Nilikuwa na miaka tisa walipoliziba bwawa.
Maji yakapanda, yakapanda, hata usiku mmoja
Mama Mkwe akanyamaza,
na kijiji kizima hakikupata usingizi.
Bibi akaketi kitandani gizani,
akauliza: nani kafa?

Siku hizi pale maji yametulia kama ya mtungini.
Magogo hupita juu. Mita sitini na tatu,
asema Rodion, ambaye hupima kila kitu
isipokuwa pesa.

Akafunua karatasi ya shashi juu ya ramani ya pili.
Nikafuta mikono kwenye aproni, sikunawa.
Nikafuata mto kwa kidole: kisiwa, pindo, pindo tena,
na hapo, vinukta vitatu, na mwandiko mdogo kama sisimizi:
*Kijiji. Jina halikuulizwa. Wenyeji ni wachoyo wa maziwa.*

Nilicheka hadi nikashika meza.
Ndio sisi! Hakuna wengine.
Kwetu mtu hapewi maziwa
mpaka ataje baba yake ni nani, na babu yake alikufa kwa nini.

Nipe penseli, nikasema.

Huyu ni mtu aliyenuniana na nduguye miaka miwili
kwa sababu ya duara la kikombe cha chai kwenye jalada.
Alinitazama. Alikitazama kitabu.
Akachukua kisu changu cha viazi, akaichonga penseli
taratibu, ncha kama sindano.

Nikaandika: Verhonino.
Herufi ya mwisho ilitetemeka, ikagusa maji.
Kando yake kikabaki kidole gumba cha wanga.

Nusu ya thamani imekwenda, akasema,
akapuliza vumbi la penseli.
Jikoni sufuria ilianza kunuka kuungua;
hakuna aliyeinuka.
Akavua glavu moja,
akaweka kidole kitupu kwenye pindo lililofuata.

Na hapa, akauliza, palikaa nani?