Jiwe la Mpaka, Nyanguge

Walinilipa elfu saba kwa siku
nishike fimbo ya mpimaji, isiyumbe.
Yeye kwenye darubini yake akasema: sogea.
Nikasogea. Nikakanyaga ngitili ya shangazi Nyanzobe,
majani aliyoyafungia tangu masika
ili ndama wavuke Septemba.

Kwenye ramani pale ni kijani: Skimu ya Mpunga.
Rangi moja tu, toka lami hadi ziwani.

Shangazi akaiomba ile karatasi.
Akaigeuza, kaskazini ikawa miguuni pake.
"Hapa luseni, maji hayakai, hapa ni viazi.
Hapa ibambasi, hata jembe hurudi na aibu.
Mbuga ni hii tu, upana wa mkeka.
Huo mpunga mtaumwagilia kwa mate?"

Mpimaji akacheka kidogo, kwa adabu.
Mama, maoni yalishapokelewa.
Yalipokelewa na nani? Mwaka gani wa mvua?

Mimi kimya. Zile elfu saba
zilishageuka unga, na daftari la Kabula.

Jioni tukamwaga zege. Namba ikachorwa
kwa msumari, lingali bichi.
Usiku ng'ombe wa shangazi wakapita njia yao.

Asubuhi, juu ya namba, kwato mbili
zimekauka.
Mpimaji akapiga picha, akapiga simu wilayani,
akaniuliza kama zinafutika.

Nikamwambia ukweli:
zege nililichanganya mwenyewe.
Nilizidisha saruji.