Boti Namba Saba

Jumamosi ya kwanza walinipa jaketi la kuelea
lenye jina la mtoto mgongoni, LORCAN, kwa wino mweusi.
Mkanda haukufika. Nikavuta tumbo ndani, ukafika.

Fiachra, mwalimu, miaka kumi na saba, chunusi kidevuni,
akachora ubaoni mshale mmoja.
"Upepo unatoka huku," akasema. "Na huku haendi mtu.
Ukielekeza omo kwenye jicho lake
tanga litapigapiga kama shuka kambani, na utasimama palepale."
Watoto kumi na mmoja wakaandika.
Wa kumi na mbili, karani mstaafu wa posta,
umri sitini na mmoja, naye akaandika:
*huku haendi mtu.*

Nilipewa Sadhbh, maana wenziwe walishachaguana.
Miaka tisa, pengo la meno mawili.
Alinitazama magoti kabla ya uso.
"Unaweza kuchuchumaa?"
"Kwenda chini naweza. Kurudi juu tutaona."

Malachy alikuwa na mashua yake, nyeupe, ya watu wanne.
Mimi nilikuwa na chupa ya chai
na mahali pangu pa kusimama, gatini, karibu na pampu ya dizeli.
Nikiuliza, alinusa hewa: "Upepo leo mbaya, Dympna."
Miaka ishirini na sita upepo ulikuwa mbaya.
Sikukasirika.
Nadhani sikukasirika.
Alipokufa niliiuza kwa mtu wa Limerick
aliyelipa kwa noti zenye unyevu, nikazianika juu ya jiko.

Usukani ni mkaidi: ukitaka kushoto, sukuma kulia.
Kamba ya demani usiifunge kamwe, ishike,
ili mkono ujue kabla ya kichwa.
Haya nayasema sasa. Siku ile nilijua tu
kwamba mti wa tanga hupita bila salamu
na paji la uso wangu lilikuwa njiani.

Tukapinduka. Zoezi, alisema Fiachra,
ila maji ya ziwa Derg mwezi wa Mei hayajui habari za zoezi.
Yaliingia kolani, yakashuka uti wa mgongo pingili kwa pingili.
Nilipoibuka Sadhbh alikuwa amekwisha kuukalia ubavu wa boti,
akinielekeza kama mtu anayeegesha lori:
"Kanyaga ubao wa chini! Wote! Na uzito wako wote!"
Nikaukanyaga, na uzito wangu wote.
Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe
mtu aliushangilia.

Jumamosi ya sita tulitumwa kwenye boya la chungwa,
lile ambalo Malachy alikuwa akilizunguka
na kuwa mdogo, mdogo, kisha kitone.
Lilikuwa hukohuko. Kwenye jicho la upepo.
Ng'ombe wa ng'ambo wakatutazama tukienda upande,
tukigeuka, tukienda upande mwingine, tukigeuka,
mvua nyembamba ikitupiga shavu hili, halafu lile.
Huko ndiko kubisha.
Neno ni moja: unabisha mlango,
unabisha kauli ya mtu,
unabisha upepo,
na kote huko hupewi njia ya moja kwa moja.

"Joshi!" alipiga kelele Sadhbh, nikainama, mti ukapita,
nikaketi upande wa pili bila kufikiri magoti.
Boya likakua. Lilikuwa na kinyesi cha ndege
na namba iliyofutika. Sikujua kwamba lilikuwa na namba.
Nikanyoosha mkono, nikaligonga mara tatu.
Lilitoa sauti ya mtungi mtupu.

"Aa, Dympna!" Sadhbh alikuwa amekunja uso.
"Kugusa boya ni kosa. Sasa lazima tuzunguke duara zima."
Nikaomba radhi. Nikasukuma usukani.
Tukazunguka.